Kibao Kinamwambia Nani?

Mjini Florence, ukipewa anwani ya duka inayoishia na 47r, usiidharau hiyo r. Ni ufupisho wa rosso, nyekundu kwa Kitaliano. Mtaa mmoja wa mji ule una namba za aina mbili zinazokwenda sambamba bila kusubiriana: nyekundu ni za maduka, mikahawa na karakana; za buluu au nyeusi ni za makazi. Ukitembea upande mmoja wa mtaa unaweza kukuta 12 ya buluu, halafu 30, 32 na 34 nyekundu, ndipo ije 14 ya buluu. Duka la 47r na nyumba ya 47 zinaweza kuachana kwa dakika kadhaa za kutembea. Kinachowapoteza wageni wengi siku hizi ni simu. Mtu anaandika anwani kwenye programu ya ramani bila ile herufi, programu inampeleka kwenye mlango wa makazi, anabonyeza kengele ya watu waliojipumzisha mchana, kisha lawama anautupia mji.

Dawa yake ni ndogo: andika r, na ukifika mtaani angalia rangi kabla hujaangalia namba.

Ila ubaki na swali moja, maana litakufaa kila mji utakaokanyaga kule Ulaya: kibao hiki kiliandikwa kwa ajili ya nani? Namba za Florence zilikuwa za karani na tarishi, watu walioujua mji tangu utotoni. Mgeni hakuwamo akilini mwa yeyote. Kwetu mambo ni tofauti kidogo, kwani anwani ni watu: ukifika sheli uliza kwa muuza chipsi, utaonyeshwa. Miji ya Ulaya imemwondoa huyo muuza chipsi na mahali pake imeweka bati lenye maandishi. Bati likifanya kazi ya mwenyeji vizuri, hulioni kabisa, unafika tu. Likiifanya vibaya, utasimama njiapanda na sanduku lako huku watu wakikupita.

Venice imepitiliza. Nyumba hazihesabiwi kwa mtaa bali kwa kata. Kata ni sita, zinaitwa sestieri: Cannaregio, Castello, San Marco, Dorsoduro, San Polo na Santa Croce. Hesabu huanzia 1, ikazunguka vichochoro vyote vya kata husika mpaka nyumba ziishe, na Castello peke yake inapita 6000. Anwani yenye jina la kata na namba tu inamtosha mtu wa posta, lakini wewe haikuambii hata uelekee mashariki au magharibi. Ukikodi chumba Venice, mwombe mwenye nyumba vitu viwili zaidi: jina la kichochoro na kituo cha boti kilicho karibu.

Majina ya vichochoro yamepakwa rangi moja kwa moja kwenye lipu ya ukuta, mstatili mweupe wenye ukingo mweusi na herufi nyeusi. Wenyeji huita nizioleti, yaani vishuka, na kweli vinafanana na shuka ndogo iliyoanikwa. Tahajia ni ya lahaja ya Venice na hubadilika kutoka kona moja hadi nyingine, basi usishangae jina lenye konsonanti mbili kwenye ramani kuwa na moja ukutani. Juu ya hivyo kuna vibao vya manjano vya wageni: Rialto, San Marco, Ferrovia (stesheni ya treni), Piazzale Roma (mabasi). Utakuta mahali kibao cha San Marco kina mshale wa kushoto, na pembeni yake kingine chenye mshale wa kulia. Watu hupiga picha wakicheka. Hakuna kosa pale, njia zote mbili zinafika. Utaratibu unaofaa ni kufuata manjano mpaka kwenye kitovu kikubwa kilicho karibu nawe, kisha kuviacha na kuanza kusoma vishuka.

Paris imepangwa na watu waliopenda kanuni. Tangu 1805 namba za nyumba huanzia mto Seine: mtaa unaoupa mto kisogo huanza 1 upande wa mto, na mtaa unaokwenda sambamba na mto hufuata maji yanakoelekea. Shufwa ziko kulia, witiri kushoto. Mtu aliyepotea akijua hilo, namba mbili tu za milangoni zitamwonyesha mto uko upande gani, bila simu. Tarakimu mbili za mwisho za msimbo wa posta ndiyo namba ya wilaya, na wilaya zenyewe, 20, zimejikunja kama konokono kuanzia katikati ya mji.

Berlin nayo ina mitaa inayohesabiwa kwa mtindo wa kiatu cha farasi: namba hupanda upande mmoja, moja baada ya nyingine, mpaka mwisho wa mtaa, kisha huvuka na kurudi upande wa pili. Mfano mzuri ni Kurfürstendamm. Unaanzia 11, kwa sababu kipande cha mwanzo kilipewa jina jingine mwaka 1925, na ng'ambo ya hapo hapo zipo namba za 230 na kitu. Anayetafuta 200 akiwa mbele ya 20 hana haja ya kutembea mtaa mzima. Ila si mitaa yote ya Berlin iko hivyo; mingine inafuata shufwa na witiri. Jibu liko kwenye nguzo ya njiapanda, kwenye kijibati chembamba kilichoshikamana na jina la mtaa: kinataja namba za kipande kile, kutoka ngapi hadi ngapi. Watu wengi hawakioni kwa sababu hawajui kipo.

Prague kila mlango una vibao viwili, chekundu na cha buluu. Cha buluu ndicho cha mtaani. Chekundu ni cha daftari la majengo. Anwani huandikwa kwa mkwaju (/), nyekundu kwanza. Tafuta ile ya pili.

Brussels shida yake ni ya lugha. Mji ni wa Kifaransa na Kiholanzi kwa sheria, hivyo kila kitu kina majina mawili, na stesheni kuu ya treni za kimataifa ni Bruxelles-Midi na wakati huo huo Brussel-Zuid. Ni stesheni moja, na majina yote mawili maana yake ni ya kusini. Mtego uko nje ya mji. Ukiingia upande wa Waflemi, wasemao Kiholanzi, vibao vya barabara vinaacha Kifaransa kabisa: Liège inakuwa Luik, Mons inakuwa Bergen, na hata Lille, iliyoko Ufaransa, inaandikwa Rijsel. Dereva anayefuata Lille atapita njia ya kuchepukia huku Rijsel ikimkodolea macho. Andika majina yote mawili kwenye karatasi kabla hujawasha gari.

Sasa tugeukie mahali ambapo mgeni ndiye aliyefikiriwa kwanza. Uwanja wa ndege wa Schiphol, Amsterdam, ulipata mfumo wake wa vibao mwaka 1967 kutoka kwa Benno Wissing wa kampuni ya Total Design, na baadaye Paul Mijksenaar akauendeleza. Wazo lenyewe lingeeleweka hata na mtoto: manjano yenye maandishi meusi ni ya safari yako, mageti na kubadilisha ndege, vibao vyeusi vyenye maandishi ya manjano ni vya huduma kama vyoo na chakula. Aliyechelewa anafuata manjano tu na mengine yote hayamhusu. Viwanja vingi duniani vimeiga. (Uwanja huo huo ndio uliochora nzi ndani ya beseni la mkojo, mahali hasa panapotakiwa kulengwa. Kibao kisicho na neno hata moja, na kinatiiwa.)

Mafundi wa kazi hii hawaanzi na herufi wala rangi. Huanza kwa kutembea jengo zima wakitafuta mahali pa kusita, pale ambapo mguu wa mgeni hupunguza mwendo. Kila mahali pa kusita panadai vibao vitatu: kimoja kabla ya njiapanda ili mtu ajiandae, kimoja penyewe, na kimoja baada ya kupinda, cha kumtuliza moyo kwamba hajakosea. Hicho cha tatu ndicho husahaulika mara nyingi. Ukiona watu wamepinda, wametembea mita 30, kisha wanageuka nyuma kuangalia, jua hapo kimekosekana.

Kosa jingine linaloudhi ni la mshale. Mshale unaoelekea juu unamaanisha nenda mbele moja kwa moja. Uweke karibu na ngazi, nusu ya watu watapanda. Ndiyo maana vibao vilivyofikiriwa vizuri huonyesha ngazi kwa mshale wa mshazari na kuuacha ule wa wima kwa mbele tu. Kibao kinachotumia mshale wa chini kwa maana ya hapa hapa, na kingine mita kumi mbele kikiutumia kwa maana ya shuka, ni mapigano ya makandarasi wawili, na anayeumia ni msafiri.

Ukubwa wa herufi una hesabu yake. Sentimita 1 ya urefu wa herufi kubwa husomeka kwa raha umbali wa kama mita 3. Ukumbi wa mita 30 unadai herufi za sentimita 10. Wengi hudhani herufi kubwa tupu ndizo zinazosomeka zaidi. Jock Kinneir na Margaret Calvert, waliobuni vibao vya barabara vya Uingereza vilivyoanza kutumika 1965, walichagua kuandika majina ya miji kwa herufi kubwa mwanzoni na ndogo zinazofuata. Dereva aliye kwenye mwendo hasomi herufi mojamoja. Anatambua umbo la neno. Birmingham ina mabonde na vilima vyake, BIRMINGHAM ni tofali.

London imefanya jambo la busara kwa waendao kwa miguu. Mfumo wa Legible London, ulioanza kwa majaribio eneo la Bond Street mwaka 2007, ni nguzo zenye utepe wa manjano juu na alama ya mtu anayetembea. Ramani iliyomo haijaelekezwa kaskazini. Imegeuzwa ili kilicho mbele ya macho yako kiwe juu. Duara lililochorwa linaonyesha unakoweza kufika kwa dakika 5 za kutembea. Ramani kubwa zaidi ina duara la dakika 15. Hapa nako pana mtego: anayepiga picha ramani kwa simu, akapinda kona mbili, kisha akaifungua tena, ameshika ramani iliyoelekea upande mwingine. Pande mbili za nguzo moja zina ramani zilizogeuzwa tofauti. Ramani hizi husomwa umesimama mbele yake, ukishaondoka tegemea nguzo ifuatayo.

Zinasaidia pia kusahihisha uongo mtamu wa ramani ya treni za chini, ile iliyochorwa na Harry Beck na kutolewa 1933. Beck aliacha umbali halisi akabaki na mpangilio, mistari ya wima, mlalo na mshazari. Kwa kubadilisha treni haina mfano. Kwa kupima umbali itakudanganya: kutoka Leicester Square hadi Covent Garden ni kama mita 260, na wapo wanaolipa nauli na kusubiri lifti kwa safari hiyo.

Kwenye stesheni za Ujerumani na Uswisi, karatasi ya manjano ukutani ni ya treni zinazoondoka, na nyeupe, ukiikuta, ni ya zinazofika. Anayesoma nyeupe atasubiri treni iliyokwishafika. Ujerumani pia jukwaa limegawanywa kwa herufi, A, B, C na kuendelea, na tiketi yenye namba ya behewa inakupa sababu ya kuzijali: baadhi ya treni hukatwa njiani, nusu ikaenda mji huu na nusu mji mwingine. Behewa huwa na kioo cha skrini chenye jina la mwisho wa safari. Kisome kabla ya kupandisha mzigo.

Kuhusu alama za picha, heshima iende Vienna. Otto Neurath alifungua makumbusho ya jamii na uchumi pale mwaka 1925 ili mfanyakazi asiye na elimu kubwa aelewe takwimu za mji wake, na kanuni yake bado ndiyo bora: kitu kikiongezeka, ongeza idadi ya alama, usiikuze alama. Mtu aliyechorwa mara mbili kwa urefu huonekana mara nne kwa eneo, na jicho linadanganyika. Baada yake akaja Otl Aicher na alama za michezo ya Olimpiki ya Munich, 1972, watu wa vichwa vya duara na viungo vilivyokaa kwenye pembe za nyuzi 45 na 90. Wengi wa vijitu unavyoviona leo viwanjani na stesheni ni wajukuu zao.

Halafu kuna Poland. Mlango wa choo una pembetatu au duara. Pembetatu ni wanaume, duara ni wanawake. Hakuna anayeweza kulibahatisha hilo kwa akili yake. Aliyeuweka mfumo huo hakuwahi kumwaza mtu aliyebanwa na aliyetoka mbali. Ujerumani ni D na H, na H ni ya Herren, wanaume.

Kwenye majumba ya makumbusho swali la kwanza ni siku. Louvre hufunga Jumanne, Musée d'Orsay Jumatatu, Uffizi ya Florence Jumatatu, na mengi ya Berlin Jumatatu pia. Prado ya Madrid hufungua siku zote za wiki, na saa mbili za mwisho ni bure: Jumatatu hadi Jumamosi kuanzia saa 12 jioni hadi saa 2 usiku, Jumapili na sikukuu kuanzia saa 11 hadi saa 1. Nyumba ya Anne Frank, Amsterdam, huuza tiketi mtandaoni tu, Jumanne saa 4 asubuhi ya huko, kwa ajili ya ziara za wiki sita mbele. Begi nalo liangalie: Louvre hairuhusu linalozidi sentimita 55 kwa 35 kwa 20. Makabati mengi ya kuhifadhia mizigo yanadai sarafu ya euro 1 au 2 ambayo hurudi ukifungua, basi anayetembea na kadi tupu atahangaika kutafuta chenji. Kwenye lifti, chini pana majina mengi: EG kwa Kijerumani, RDC kwa Kifaransa, T kwa Kitaliano, PB Hispania, P huko Poland.

Pompidou, jumba la sanaa la Paris, imefungwa tangu 2025 kwa ukarabati wa miaka kadhaa, lakini kibao chake kikubwa ni jengo lenyewe na kinasomeka kutoka barabarani. Renzo Piano na Richard Rogers waliyatoa matumbo yote nje mwaka 1977 na kuyapaka rangi: mabomba ya buluu ni hewa, kijani ni maji, manjano ni umeme, nyekundu ni njia za watu kupanda na kushuka. Fundi bomba na mtalii wanasoma ukuta mmoja.

Ndani ya makumbusho, kibao kinakuwa lebo. Lebo nzuri ya kitu kimoja haipiti maneno 60 hivi, kwa sababu mtu amesimama, miguu inamuuma, na nyuma yake kuna mwingine anayesubiri. Herufi zisiwe chini ya pointi 18, na kama chumba kina giza ziongezwe. Giza lenyewe si ubahili wa umeme. Nguo, karatasi na manyoya huangaziwa kwa lux 50 tu (lux ni kipimo cha mwanga), michoro ya mafuta 200 hivi, kwa sababu mwanga huunguza rangi na uharibifu wake hujumlika, haulali ukasahau. Piga hesabu ya kanga iliyotundikwa kwenye lux 50, saa 8 kwa siku, siku 300: ni lux-saa 120,000 kwa mwaka. Jua kali la mchana ni kama lux 100,000. Mwaka mzima wa maonyesho, basi, unalingana na saa 1 na dakika 12 kwenye kamba ya kuanikia. Ndiyo maana nguo hubadilishwa baada ya miezi, na ndiyo maana lebo ya kijivu kwenye ukuta mweupe, ambayo mbunifu aliipenda kwenye kompyuta yake, chumbani haisomeki.

Kosa kubwa la lebo, hata hivyo, liko kwenye neno la kwanza. British Museum ina vigae vya vyungu kutoka Kilwa, vya kijani kutoka China, vingine vya Mashariki ya Kati, na vya kahawia vya pwani yenyewe. Kigae ni kitu kigumu kukiandikia, maana hakina uzuri wa kumsimamisha mtu. Chukua mfano wa lebo ya desturi:

Kigae cha bakuli, ufinyanzi wenye mng'ao wa kijani, China, kimepatikana Kilwa.

Hiyo imeandikwa kwa ajili ya mtunza stoo. Yote ni kweli na jicho halijapewa kazi. Sasa ijaribu hivi:

Pitisha jicho kwenye ukingo: kijani hiki kilichomwa China, kikavuka Bahari ya Hindi, kikavunjikia Kilwa. Kigae cha kahawia kilicho pembeni kilifinyangwa pwani. Mistari yake ilichorwa udongo ukiwa bado laini.

Maneno hayafiki 35, na msomaji ameangalia mara tatu. Kanuni ni kuanza na kinachoonekana, ndipo umpeleke kwenye kisichoonekana. Mwaka na aina ya udongo vikae chini kabisa, kwa herufi ndogo, mtunza stoo atavipata.

Lugha zinapoongezeka mambo hubana. Makumbusho ya Afrika ya Tervuren, nje kidogo ya Brussels, yaliyofunguliwa upya Desemba 2018 baada ya miaka mitano ya matengenezo, yanatumia lugha nne: Kiholanzi, Kifaransa, Kijerumani na Kiingereza. Maneno 60 yamekuwa 240, na kitu chenye urefu wa sentimita 15 kinakaa kando ya ukuta wa maandishi. Mbunifu ana njia chache: kupunguza maneno, kutumia namba na kuhamishia maelezo pembeni, au kuyapeleka kwenye skrini. Namba ndiyo mbaya kuliko zote, kwani mgeni hukitazama kitu, akatafuta 14 kwenye orodha, akarudi, akasahau alikuwa kwenye kabati gani. Kiswahili, kinachozungumzwa mashariki yote ya Kongo ambako sehemu ya vitu hivyo ilitoka, hakimo kwenye hizo nne. Kingeingia kingeleta taabu yake: maneno yetu ni machache lakini marefu, na kwenye lebo nyembamba neno kama yaliyochongwa linajaza mstari au linakatika vibaya. Hiyo ni kazi ya fundi wa mpangilio, na inawezekana. Tramu namba 44 kutoka Montgomery inakufikisha, Jumatatu pamefungwa.

Berlin, kwenye Museum für Naturkunde, kituo cha treni ya chini, njia ya U6, chenye jina la makumbusho hayo, limesimama dubwana lenye kimo cha mita 13.27, kiunzi kirefu kwenda juu kuliko vyote vya dinosaria vilivyosimamishwa ndani ya jengo. Mifupa ilichimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya 1909 na 1913, na ikabebwa vichwani na mabegani mpaka bandari ya Lindi. Kitu cha ukubwa huo kinaivuruga kanuni yote ya lebo. Ili ukione kizima lazima urudi nyuma mita 10 au zaidi, na kwa umbali huo herufi zinatakiwa zipite sentimita 3. Ukisogea kusoma habari ndogo, kichwa cha mnyama kimepotea juu. Panahitajika maandishi ya ngazi mbili, jina kubwa la mbali na maelezo ya karibu na miguu.

Jina la kisayansi nalo ni kibao, tena lisilofutika kirahisi, na ukilisoma kwa swali la Florence linasema mengi. Kiunzi kinaitwa Giraffatitan brancai. Branca ni Wilhelm von Branca, mkurugenzi wa makumbusho ya Berlin aliyezitafuta fedha za msafara. Msimamizi wa mafundi kule Tendaguru alikuwa Boheti bin Amrani. Mwaka 2007 mtaalamu alipompa jina mnyama mwingine wa machimbo yale alimwita Australodocus bohetii, na mwaka 2019 likaja Wamweracaudia keranjei, la kuwakumbuka Wamwera wenye eneo lao na Mohammadi Keranje, aliyesimamia shimo alimotoka mnyama huyo. Kilichopo cha mnyama wa Keranje ni safu ya pingili za mkia. Cha mnyama wa Boheti, nacho, ni pingili chache za shingo zilizobaki. Nyingine ziliteketea kwenye Vita Kuu ya Pili. Anayeingia ukumbini huinua shingo kumwangalia yule wa Branca.